Muuguzi arudipo chuoni kusomea ukunga

USITUKANE wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu huitumia kumwonya mtu asiwabeze wale ambao kesho atawahitaji. Ni mara chache tunapokumbuka maana yake ya kwanza, ile ya chumba cha kuzalia: kwamba yuko mtu ambaye tulipita mikononi mwake kabla hatujafumbua macho, na kwamba mikono hiyo ilifundishwa na mtu mwingine.

Leo ningependa, msomaji, tumwangalie mkunga wa namna ya pekee. Si yule nyanya wa kijijini aliyerithi kazi kutoka kwa mama yake, wala si msichana aliyetoka shule ya sekondari juzi. Huyu ni muuguzi aliyekwisha kusajiliwa. Cheti anacho, amefanya kazi miaka mitano au kumi katika wodi za wagonjwa, amewafumba macho waliokufa na kuwasindikiza hadi langoni waliopona. Kisha siku moja anafunga virago na kurudi chuoni kusomea ukunga. Majirani humwuliza: "Kwani wewe si nesi tayari? Unaenda kusoma nini tena?"

Swali hilo si la kipuuzi. Serikali zimeliuliza, na kila moja imelijibu kivyake.

Kwanza neno lenyewe. Kuna watu wanaomchanganya mkunga na kungwi. Kungwi, au somo, ni yule anayemfunda mwari mambo ya utu uzima na ya nyumba. Mkunga ni mzalishaji. Pwani jina hilo hilo ni la samaki mmoja mrefu, mwembamba, anayeteleza kama sabuni, na yeyote aliyewahi kumpokea mtoto mchanga akiwa bado na maji ya uzazi mwilini atacheka akisikia hivyo. Wajaluo mkunga wao humwita nyamrerwa, na Wagikuyu humwita muciarithania. Hapana kabila katika nchi hii lililokosa neno lake, kwa maana hapana kabila lililokosa kazi yake.

Tumrudie muuguzi wetu. Jambo la kwanza linalomtatiza si vitabu. Vitabu amekwisha kuvizoea. Mishipa, figo na moyo anavijua. Linalomtatiza ni mazoea yake mwenyewe. Kwa miaka mingi amefundishwa kwamba mtu aliyelala kitandani ni mgonjwa. Mgonjwa huambiwa alale atulie, hupewa dawa kwa saa, hupimwa joto, na akisema anataka kusimama huulizwa sababu. Sasa anaingizwa katika chumba ambamo mtu anayepiga mayowe kuliko wote si mgonjwa hata kidogo. "Sista, nisaidie jamani, nakufa!" mama analia. Na muuguzi, ambaye amekwisha kuona watu wakifa kweli, moyo unamruka na mkono unatafuta sindano. Mkunga mzee anayemfundisha hashtuki. "Hufi, mama. Pumua. Hebu inuka utembee kidogo, nikushike mkono."

Kuujua uchungu ulio wa kawaida na kuutambua ule ulio na hatari, hiyo ndiyo kazi yote, na haisomwi katika wodi ya wanaume walioteguka miguu.

Halafu kuna mikono. Mwanafunzi hufundishwa kulipapasa tumbo la mja mzito kwa hatua nne ambazo hadi leo zina jina la daktari Mjerumani, Leopold, wa karne ya 19. Kwanza juu, kujua ni kichwa au ni makalio. Kisha pembeni, kuutafuta mgongo. Kisha chini, mara mbili. Anafundishwa kuweka sikio kwenye kile kipembe kidogo cha mbao au chuma kiitwacho Pinard, kwa jina la Mfaransa aliyekibuni mwishoni mwa karne hiyo hiyo, na kusikiliza moyo wa mtoto unaokwenda mbio kama saa ndogo chini ya mto. Siku za kwanza hasikii kitu ila tumbo linalonguruma. Anafundishwa kupima kwa vidole viwili jinsi mlango wa kizazi ulivyofunguka, sentimita tatu, tano, nane, pasipo kuona anachokipima. Vyuoni huwekwa vibao vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali ili vidole vijizoeze.

Mambo hayo hayana njia ya mkato. Sheria za nchi za Ulaya zinadai kwamba mwanafunzi wa ukunga azalishe kwa mikono yake mwenyewe si chini ya akina mama 40 na apime waja wazito mara 100 kabla hajahitimu, na muuguzi mwenye cheti hasamehewi hesabu hiyo. Atasamehewa kusoma tena habari za figo, lakini mtoto wa arobaini ni wa arobaini kwa kila mtu.

Na kuna subira. Mnamo 1972, katika mji wa Salisbury ambao sasa ni Harare, madaktari wawili, Philpott na Castle, walichapisha karatasi ya kuandikia mwendo wa uchungu ambayo hatimaye ilienea duniani kote. Mistari miwili ilichorwa juu yake. Alama za mama zikivuka mstari wa kwanza, mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali ajue kwamba wakati umefika wa kufikiria gari la hospitali. Ilikuwa karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika yetu hii ya barabara ndefu na madaktari wachache, na sidhani kama kuna karatasi nyingine ya hospitali iliyookoa watu wengi kama hiyo.

Lakini hata nayo imebidi irekebishwe. Mstari wake ulidhani kwamba mlango wa kizazi hufunguka walau sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wanawake wengi hawaendi kwa mwendo huo na bado hujifungua salama salimini, na mwaka 2020 likatoa karatasi mpya inayoanza kuhesabu kwenye sentimita tano. Shirika hilo hilo lilishauri kwamba mama aachwe achague mwenyewe akae vipi, achuchumae, apige magoti au alale ubavu, na kwamba awe na mtu wake wa kumfariji. Nyanya zetu wangelisikia ushauri huo wangeliuliza habari iko wapi. Wao walizaa wakipiga magoti huku wameshikwa mabega. Ni hospitali iliyowalaza chali, na ni hospitali iliyomfungia mama mkwe nje ya mlango.

Hata hivyo nisije nikaonekana ninasifu ya kale kwa upofu. Liko jambo moja ambalo mkunga wa jadi, kwa ujuzi wake wote, hakuwa na silaha nalo, nalo ni damu.

Mtoto akishatoka, watu wote chumbani humtazama mtoto. Mwanafunzi wa ukunga hufundishwa kuendelea kumtazama mama. Sindano ya oksitosini hutolewa papo hapo ili kizazi kikaze. Kondo la nyuma likitoka hulichukua, hulikunjua juu ya meza na kulikagua pande zote kama fundi anavyokagua nguo, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani mama ataendelea kutoka damu. Wakunga wa zamani nao walilitazama kondo kabla ya kulizika. Kulizika kulikuwa na maana zake, za kumfunga mtoto na ardhi ya ukoo wake, lakini kulitazama kulikuwa ukunga mtupu.

Zamani damu ilikadiriwa kwa macho. Shuka imelowa, sakafu imechafuka, na muuguzi husema, "Si nyingi." Macho hudanganya, na hasa macho yaliyochoka. Katika majaribio makubwa ambayo matokeo yake yalitolewa 2023, na ambayo yalifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa zaidi ya akina mama 200,000, wakunga walipewa mfuko wa plastiki wa kuwekwa chini ya mama, wenye alama za kupimia damu. Damu ilipofika kwenye alama, walifanya mambo yote kwa pamoja badala ya moja moja: kukanda tumbo, dawa za kukaza kizazi, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na kumchunguza mama upya. Visa vya kutokwa damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana navyo, vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki! Lakini mfuko hauna mikono. Ni lazima awepo mtu anayejua la kufanya damu ifikapo kwenye alama, na anayejua bila kwenda kumwuliza mwingine.

Sasa tulijibu lile swali la majirani. Mtu huyo atoke wapi?

Sisi Kenya tulirithi jibu la Waingereza. Kwao sheria ya wakunga ilipitishwa 1902, na baadaye ikawekwa njia mbili: asiye muuguzi asome ukunga miaka miwili, na aliyekwisha kuwa muuguzi asome mwaka mmoja. Mwaka 1981 huo mwaka mmoja wa wauguzi uliongezwa ukawa miezi 18. Wengi wetu tunawakumbuka wale akina mama walioondoka hapa miaka ya 1950 na 1960 kwenda Uingereza na kurudi na herufi S.R.N. na S.C.M. nyuma ya majina yao. Herufi tatu za kwanza zilikuwa za uuguzi, na tatu za mwisho za ukunga. Heshima waliyopewa mtaani haikuwa ndogo. Hapa nyumbani nako mtindo ulikuwa ule ule: kwanza uuguzi, halafu ukunga juu yake, katika mahali kama Pumwani, Nairobi, hospitali iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, na ambayo imewapokea watoto wasiohesabika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilibadili mawazo. Uuguzi, ukunga na afya ya jamii viliunganishwa katika mafunzo mamoja, ili kila muuguzi ahitimu akiwa na yote. Wapo wanaoulaumu uamuzi huo leo, nami ninawaelewa, lakini lazima tuwe waadilifu. Fikiria zahanati moja katika Tana River au Turkana, yenye muuguzi mmoja. Asubuhi anachanja watoto, mchana anafunga kidonda cha mchungaji, na usiku mlango unabishwa na mama mwenye uchungu. Je, huyo utamwambia, "Mimi si mkunga, nenda hospitali ya wilaya"? Muuguzi wa kila kazi alihitajika, naye bado anahitajika.

Lililopotea ni kina. Miezi ya ukunga ndani ya mafunzo ya mambo mengi haiwezi kumpa mtu kile ambacho mwaka mzima au zaidi wa ukunga peke yake humpa. Ndiyo sababu bado wako wauguzi wanaorudi chuoni, na ndiyo sababu vyuo vikuu kama Nairobi na Moi vina shahada za uzamili upande wa afya ya mama na uzazi. Hawa hawarudi kwa kupenda vyeti, ingawa sikatai kwamba wapo wa aina hiyo pia. Wengi hurudi kwa sababu waliwahi kusimama kando ya kitanda usiku na kugundua kwamba wanachokijua hakitoshi.

Kabla hatujasema kwamba hayo ni anasa ya nchi tajiri, tuitazame nchi moja ambayo ilianza kufundisha wakunga ingali maskini. Nchi hiyo ni Sweden. Mwaka 1751 wakuu wa tiba wa huko walipopitia hesabu mpya za vifo waliona kwamba wanawake 651 walikuwa wamekufa wakizaa, nao wakaandika kwamba 400 kati yao wangaliweza kuokolewa laiti kungekuwa na wakunga waliofundishwa. Hawakuishia kuandika. Walifundisha wanawake na kuwarudisha vijijini kwao. Mwaka 1829 wakunga hao waliruhusiwa hata kutumia koleo za kumvutia mtoto, jambo ambalo katika nchi nyingine lilikuwa la madaktari peke yao, na miaka ya 1880 wakafundishwa kuosha mikono na vyombo kwa dawa ya kuua viini. Katika 1861 wakunga wenye leseni walizalisha akina mama 40 kati ya kila 100. Katika 1900 walikuwa 78. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka kama 900 kwa kila watoto 100,000 katikati ya karne ya 18 hadi kama 230 mwaka 1900, na wakati huo wengi walikuwa wakizaa nyumbani, pasipo penisilini wala damu ya kuongezwa.

Huko Sweden leo hapana njia nyingine ya kuwa mkunga ila kupitia uuguzi. Miaka mitatu ya kwanza ni ya uuguzi, halafu mwaka mmoja na nusu wa ukunga. Yaani mkunga wa Sweden ndiye yule yule muuguzi wetu aliyefunga virago.

Sasa weka karibu na hesabu hizo hesabu zetu. Mnamo 2008 na 2009 uchunguzi wa afya nchini ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa Kenya, 44 tu walipokelewa na mtaalamu. Juni 2013 ikatangazwa kwamba akina mama wajifungue bure katika hospitali za serikali. Mwaka 2022 wale 44 walikuwa wamefika 89. Ni ushindi mkubwa, na anayeukana ni mchoyo wa sifa. Lakini vifo? Uchunguzi wa 2014 ulikadiria vifo 362 vya wazazi kwa kila watoto 100,000. Sensa ya 2019 ikapata 355. Hesabu hizo mbili hazikupigwa kwa njia moja, na haifai kuzilinganisha kama mizani ya dukani. Hata hivyo hapana anayeweza kusema vifo vimeshuka kwa kadiri ile ambayo akina mama wameongezeka hospitalini. Na vyote viwili viko juu ya Sweden ya mwaka 1900.

Akina mama wameitikia mwito. Waliambiwa waje hospitali, nao wamekuja, kwa matatu, kwa bodaboda, kwa miguu. Kinachobaki ni nani wanayemkuta huko.

Hapa nina lawama, na sitaificha. Muuguzi anajitoa mhanga. Anaacha watoto wake kwa dada yake, anakubali kusahihishwa na mwalimu aliye mdogo kwake kwa miaka minane, anahesabu wale arobaini wake mmoja mmoja usiku wa manane. Anahitimu. Anarudi kazini, na baada ya miezi michache orodha ya zamu inabandikwa ukutani: amehamishiwa wodi ya macho. Hospitali nyingi zina desturi ya kuwazungusha wauguzi kutoka wodi hii hadi ile, kama kwamba muuguzi ni muuguzi tu, aende popote. Nafasi yake katika chumba cha kuzalia inachukuliwa na mtu mwema, mwenye bidii, ambaye alizalisha mara ya mwisho alipokuwa mwanafunzi. Sheria yetu ya wauguzi ya 1983 ina daftari la wakunga kando na la wauguzi. Daftari linajua tofauti, ila orodha ya zamu haijui. Mpishi hodari wa pilau hatumpeleki kufua nguo za arusi kwa kuwa zote ni kazi za arusini.

Jambo jingine ambalo chuo kinaanza kulitilia maanani, na ambalo ukurasa huu hauwezi kulipita, ni mila. Mkunga aliyefundika vizuri hujua kwamba mtoto hazaliwi katika wodi tu, bali huzaliwa katika ukoo. Kwa Wagikuyu wa zamani vigelegele vitano viliwaambia majirani kwamba ni mvulana, na vitatu kwamba ni msichana. Pwani mzazi alikaa siku arobaini akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa viungo. Ziko jamii ambazo mkunga mwanamume, na sasa wako wengi na ni hodari, hawezi kuingia mpaka mama mwenyewe aseme ndiyo. Wakunga wa jadi nao hawakutoweka. Katika sehemu nyingi wao ndio wanaomleta mama hospitalini sasa na kukaa naye, na mwanafunzi mwerevu humkaribisha nyanya huyo ndani, akampa kiti.

Hebu fikiria usiku kama huo katika hospitali moja upande wa Nyanza. Mtoto amezaliwa, ni msichana, amelia vizuri. Muuguzi wetu ametazama saa ya ukutani papo hapo kama alivyofundishwa na kuandika. Nyanya aliyekaa kwenye kiti anauliza:

"Mwanangu, amezaliwa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika arobaini, nyanya."

"Basi ni Atieno. Wa usiku." Nyanya anafikiri kidogo. "Au mvua ilikuwa imeanza? Maana kama mvua ilikuwa imeanza, ni Akoth."

Muuguzi anaitazama karatasi yake. Ameandika mapigo ya moyo wa mtoto, ameandika damu, ameandika sindano na dakika iliyotolewa, ameandika kondo la nyuma kwamba limetoka zima. Habari za mvua hakuandika. Anafungua dirisha na kuutoa mkono nje.